Nta Iliyosoma Ukuta

Marafiki zangu wa vitabu wana mazoea ya kuninusa mikono. Tukikutana Jumamosi kwenye baraza la mmoja wetu kule Mazimbu, kusomeana tulichoandika, lazima mmoja akamate kiganja changu, akisogeze puani na kutangaza, "Leo ni mafuta ya taa." Wanaamini karakana ni kitu ninachokivumilia mpaka riwaya zianze kunilisha. Siwabishii. Huwa nawapa kipande cha alumini kutoka mfukoni, kitu chochote nilichokichonga wiki hiyo. Wanakigeuza, wanakitazama, halafu wote, hata wale wanaojifanya hawajali, huishia kukipapasa kwa kidole gumba, polepole, huku wameacha kuongea.

Kwa ajili ya kidole gumba hicho naipenda kazi yangu. Na hakuna kazi iliyonifanya niipende zaidi kuliko shimo moja la mraba, lenye kina kupita kiganja changu, nililolichonga kwa ajili ya bibi yangu.

Karakana yetu iko Kihonda, hapa Morogoro. Ukisimama mlangoni unaiona Uluguru yote, asubuhi ikiwa imefungwa wingu kiunoni kama mama aliyejifunga kanga kuanza kazi. Kazi zetu nyingi ni za chuma: meno ya mashine za kusaga mahindi, shafti za pampu, vipuri vya mitambo ya miwa na mkonge. Mashine yangu ndiyo pekee inayoongozwa na kompyuta. Ilikuja mtumba, na wenzangu waliiogopa kwa muda mrefu. Mimi niliipenda siku ya kwanza. Unaiandikia njia, mstari kwa mstari, nayo inapita palepale ulipoiambia ipite. Ukiiandikia ujinga, itafanya ujinga kwa utiifu uleule.

Anayetuongoza ni fundi mkuu, mzee wa mjini ambaye hakosi swala na hakosi utani. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika venia, kile kipimo cha taya mbili, kusikiliza mashine, na kupitisha msasa. Kwetu hakuna kazi inayotoka mlangoni bila msasa. Hata kama ni kipande kitakachofichwa ndani ya mtambo na kupakwa grisi, lazima kisuguliwe mpaka king'ae. "Mteja hajui vipimo," husema, "lakini anajua kinachong'aa. Usimpe mtu kitu kibichi." Nimekulia katika imani hiyo, na kwa chuma cha nje, kinachofikiwa na mkono, haijawahi kutuaibisha.

Bibi yangu anaishi juu, katika kijiji cha misheni ambako pikipiki hukushusha, na kinachobaki unakipanda kwa miguu kati ya matuta ya kabichi na karoti. Amefuga nyuki tangu sijazaliwa. Asali anauza, nta anaihifadhi kwenye debe, kwa sababu hana moyo wa kutupa kitu chochote. Kila mwaka, sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wake, inapofika, jumuiya moja hupewa zamu ya kuleta mishumaa miwili ya altare. Siku zote mishumaa hununuliwa Dar es Salaam. Mwaka huo zamu iliangukia jumuiya ya bibi, na bibi akasimama mbele ya mkutano akasema wao hawatanunua. Watatengeneza, kwa nta ya mlima wao.

Mwenyekiti wa jumuiya ya bondeni, mama mshona nguo mwenye jicho la kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya uwanja, alicheka waziwazi. "Mama, mshumaa wa altare si asali, kwamba unakamua tu."

"Mjukuu wangu anachonga chuma," bibi akamjibu. "Nta itamshinda?"

Mimi nilizipata habari hizo kwa simu, nikiwa nimeshika spana.

"Nimeshasema," bibi alianza, bila hata kuitikia shikamoo yangu vizuri.

"Umesema nini, Bibi?"

"Kwamba utanichongea kalibu la mshumaa, la kumiminia nta. Nimesema mbele ya watu wote. Hata katekista alikuwepo."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize nini? Mikono si unayo?"

Ndivyo neno la bibi lilivyokuja kukaa mezani kwangu. Niliijua sauti yake. Asingelirudisha nyuma neno hilo, na kama kalibu lingeshindwa, asingekaa tena kwenye benchi la mbele bila kuusikia ule mcheko wa bondeni mgongoni.

Mishumaa ilitakiwa iwe mifupi, minene, ya mraba, kwa kuwa vinara vya altare yao ni vya mti na vilichongwa vya mraba na seremala aliyekwishafariki. Nilipata mche mnene wa alumini kwa muuza vyuma chakavu, nikakata vipande viwili: cha kazi na cha akiba. Kutoboa shimo la juujuu kwenye alumini ni kazi ya kupumzikia. Ni laini, inakubali. Shimo la kina ni habari nyingine. Kisu cha mashine, kile chenye meno kinachozunguka na kukata, lazima kiwe kirefu ili kifike chini, na kisu kirefu ni kama kalamu uliyoishika kwa nyuma kabisa, vidole viwili tu, kisha ukaambiwa uandike mwandiko mzuri. Kinapepesuka. Kinagonga ukuta badala ya kuunyoa. Halafu kuna chenga, zile nyoleo ndogondogo zinazotoka kwenye meno ya kisu. Kwenye shimo fupi huruka nje zenyewe. Kwenye shimo refu hazina pa kwenda, zinazunguka humohumo na kisu kinazikanyaga tena na tena. Na alumini ikipata joto kidogo tu hung'ang'ania meno ya kisu kama ugali kwenye mwiko.

Kipande cha kwanza nilikichonga kama tulivyozoea. Nilikimiminia yale maji meupe ya kupozea, ambayo sisi tunayaita maziwa, mpaka shimo likajaa kama kikombe. Mashine ilikwenda vizuri kwenye kuta zilizonyooka, lakini kila ilipofika pembeni ililia, mlio mwembamba wa kukera meno, kisha ikatulia, kisha pembe nyingine ikalia tena. Ilipomaliza nikamwaga maziwa, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Juu kulikuwa kweupe. Chini kulikuwa na kijivu nisichoweza kukisoma, maana jicho haliingii na mwanga ulikuwa unarudi machoni mwangu.

Nikaenda kula wali maharage. Niliporudi, fundi mkuu alikuwa amelikumbatia kalibu kifuani kama mtoto anayeogeshwa. Mkono wake haukuweza kuingia shimoni, hivyo alikuwa amezungushia msasa kwenye kijiti cha mpera, akisugua juu chini, juu chini.

"Nimekusaidia, binti. Tazama."

Nikatazama. Ndani kulikuwa kunang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Bibi alishuka siku iliyofuata na nta yake ndani ya kitenge. Hakutaka kupelekewa kalibu, alitaka kuona kwa macho yake. Fundi mkuu alimpa kiti bora, na baada ya salamu ndefu za kuulizana hali ya mvua, ya mazao na ya magoti, tukawasha jiko la mkaa nyuma ya karakana. Tuliyeyusha nta ndani ya sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji. Karakana nzima, ambayo kwa kawaida hunuka grisi, ilinuka asali. Vijana waliokuwa kwenye mashine ya kukereza walizima mashine wakaja kunusa. Nikaufunga utambi chini, nikaunyoosha, nikamimina. Tukasubiri mpaka sehemu ya juu ikakakamaa na kuzama kidogo katikati. Hiyo ni dalili njema. Nta ikipoa hujivuta, hujiachisha ukutani yenyewe.

Nikaligeuza kalibu juu ya meza. Kimya.

Nikaligonga kwa kiganja. Kimya. Bibi akaligonga kwa kipande cha mti, kwanza kwa heshima, kisha bila heshima.

"Limenuna," alisema.

"Tulipashe moto," fundi mkuu akashauri. "Litaachia lenyewe."

"Hapana, Mzee. Moto utayeyusha ngozi ya mshumaa."

"Ngozi? Si tutamimina upya?"

"Ngozi ndiyo ninayoitaka."

Sikuwa na uhakika kamili bado, lakini wazo lilikuwa limeshanishika. Jirani yetu ni mama anayeuza juisi ya ukwaju na barafu, ana friji kubwa la kifuniko. Nilimwomba nafasi. Akaniangalia, akaangalia lile bonge la chuma lenye nta, akasema, "Lisininukishie barafu tu," na akasogeza vifuko vyake. Baridi iliivuta nta zaidi ya hewa ya Morogoro inavyoweza. Tulipolitoa na kuligonga, mshumaa ulikubali, lakini kwa shingo upande: ulichomoka umekatika vipande viwili, utambi ukiwa umevishika kama mshipa.

Bibi alivitazama vile vipande. Kisha akasema polepole, kwa lafudhi ya mlimani ambayo humzidi akiwa na huzuni, "Sikukuu ni Jumapili. Yule mama wa bondeni atanicheka mpaka siku ya kuzikwa kwangu."

"Hatacheka," nilisema.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa tayari nasoma. Nta haimfichii mtu. Ukuta nilioshindwa kuuona ndani ya shimo ulikuwa sasa uko nje, mikononi mwangu, umenakiliwa wote juu ya ngozi ya manjano, na ningeweza kuugeuza kwenye jua. Nikaupeleka mlangoni. Kwenye pembe zote kulikuwa na mawimbi, yamepangana kama bati la nyumba: pale ndipo kisu kilipokuwa kinalia. Sehemu ya chini ilikuwa na mikwaruzo isiyo na mpangilio, kama kuku amechakura: hizo ni chenga, ziliogelea kwenye maziwa yangu na kusagwa ukutani. Ila mawimbi na mikwaruzo tu visingeufunga mshumaa ndani kiasi kile. Nikachukua venia. Nikaupima mshumaa upande uliokuwa mdomoni mwa shimo, kisha nikateremka katikati. Katikati ulikuwa mnene zaidi.

Nilirudia kupima. Fundi mkuu alikuwa begani kwangu, naye akapima kwa mkono wake. Nilisubiri aseme yeye.

"Tumbo," alisema. "Una tumbo."

Kijiti cha mpera kilikuwa kimefanya kazi pale tu kilipoweza kufika vizuri. Mdomoni alikuwa anajihadhari asiuharibu ukingo, chini kabisa kijiti kilikuwa kinagota, hivyo nguvu zote za mapenzi yake ziliishia katikati. Ukuta ulibonyea ndani, nta ikaujaza ule mbonyeo, na mshumaa ukafungika kama mtu mnene aliyepita dirishani nusu. Kung'aa kulikuwa kwa kweli. Unyoofu ndio haukuwepo.

Mzee alivua kofia yake, akajikuna. Kisha akamgeukia bibi. "Bibie, nisamehe. Kumbe mimi ndiye niliyempa mimba."

"Na mahari hujaleta!" bibi akajibu palepale, na kicheko kikarudi karakana.

Lakini tulipobaki wawili na kile kipande cha akiba, cha mwisho, utani uliisha. Nilimwambia safari hii msasa hautaingia humo kabisa. Ukuta utatoka kwenye kisu ukiwa umekamilika.

"Binti, kisu huacha alama. Siku zote huacha."

"Huacha alama kikionewa, Mzee. Tukikipa nafasi kitapita kama wembe."

"Na kikikataa? Chuma kingine hatuna."

"Hakitakataa."

Alinitazama kwa muda. Najua alichokuwa anakiona: msichana aliyemfundisha mwenyewe, anayemwambia aweke chini kitu alichokiheshimu maisha yake yote. Sikushusha macho. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya kazi, "Unataka nini kwangu?"

"Shingo ya kisu. Ipungue."

Akaelewa kabla sijamaliza. Kisu kirefu, mbali na meno yake ya kukatia, kina mwili wenye unene uleule wa meno. Kikizama shimoni mwili huo unasugua ukuta uliokwishanyolewa na kuuchafua. Hakuna mtu Morogoro ninayemwamini kwenye jiwe la kunolea kama yeye. Alikaa nalo, akakizungusha kisu kipya kwenye cheche kidogokidogo, akikipoza, akikitazama kwenye mwanga, mpaka shingo ikawa nyembamba kuliko kichwa kwa unene wa unywele mnene. Alinirudishia kikiwa bado kina joto, amekiviringisha kwenye kitambaa.

Mimi niliandika upya njia nzima. Kwanza kisu kinene na kigumu kiondoe nyama yote, kibakize ukutani ngozi nyembamba tu, ili kile kirefu kisiwe na kazi ya kubeba. Kisha pembe. Awali pembe za shimo zilikuwa na mviringo uleule wa kisu, hivyo kilipofika kilijibana chote mara moja na kuanza kutetemeka. Niliziongeza mviringo, ili kisu kizunguke pembe kama mtu anavyozunguka nyumba, akitembea bila kusimama. Nilimpigia bibi kumwambia mshumaa utakuwa na pembe za duara kidogo. "Utaingia kwenye kinara?" Nikasema utaingia. "Basi usiniulize mambo ya pembe."

Na maziwa nikayaacha. Nilivuta mpira wa upepo wa kompresa, nikaufunga uelekee ndani ya shimo muda wote, chenga zipeperuke nje mara zinapozaliwa. Kisu nikawa nakidondoshea mafuta ya taa kidogo kwa brashi, alumini isiking'ang'anie.

Kazi ya mwisho, ile ya kunyoa ngozi, niliianza asubuhi wingu likiwa bado kiunoni mwa mlima. Chenga ziliruka nje kama mvua ya fedha, zikajaa nywele zangu na ndevu za Mzee. Kwenye pembe ya kwanza nilitega sikio. Kisu kiliguna, mwanzo wa ule mlio. Nikapunguza mzunguko wake, kidogo tu, kama unavyopunguza sauti ya redio, na mguno ukafa. Pembe ya pili kilipita. Ya tatu. Ya nne. Sauti ikabaki moja, laini, ndefu, kama kitambaa kinachochanwa na mtu asiye na haraka. Nimeandika sentensi nyingi nikiitafuta sauti ile. Kuna siku naipata.

Mashine iliposimama Mzee hakuchukua tochi. Aliingiza kidole chake kirefu mpaka kilipofika, akakipandisha kwa ncha ya kucha. Kucha ndiyo jaji wetu. Jicho linadanganywa na mng'aro, kucha hukwama penye kosa. Ilipanda kutoka hapo hadi juu bila kukwama. Akarudia upande wa pili. Kisha akachukua msasa uliokuwa mezani, akaukunja, akauweka kwenye droo yake, akaifunga.

"Peleka," alisema. "Kabla sijabadili mawazo."

Nilipanda mlimani na kalibu mgongoni, limefungwa ndani ya kanga kama mtoto mzito. Bibi hakukubali tujaribu nyumbani kwake kwanza. Alisema aliahidi mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo litakapogeuzwa. Kwa hiyo ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, mchana, ukungu ukipita kati yetu, jumuiya zote zikiwa zimekuja kufagia na kupamba. Tuliyeyusha, tukamimina, na watu wakajifanya wanafagia palepale tulipo. Mama wa bondeni alileta kiti.

Sehemu ya juu ya nta ikazama. Bibi aliweka mkono wake juu ya wangu, tukaligeuza pamoja juu ya kitambaa cheupe. Sikuligonga. Nilisikia tu kitu kikivuta hewa ndani, mvumo mdogo kama wa kifuniko cha chupa ya asali kikifunguliwa, kisha uzito ukatutoka mikononi.

Mshumaa wa kwanza ulikuwa umesimama kwenye kitambaa, wa manjano, mzima.

Hakuna aliyepiga kigelegele kwanza. Wote walimsubiri mama wa bondeni, ambaye alikuwa amekwishainuka kitini. Alizunguka mshumaa mara moja. Akainama, akanyoosha kidole, na kwa ncha ya kucha, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine, akaanza kutoka chini, akapandisha polepole kwenye pembe, ile niliyoihofia kuliko zote. Bibi hakunitazama mimi. Aliitazama ile kucha. Ikapanda, ikapanda, ikafika juu, ikatoka hewani bila kukwama popote.

Yule mama akakitazama kidole chake. Kisha akageuza mkono, akaupapasa mshumaa kwa kidole gumba, taratibu, na akasahau kukiondoa.

"Mwakani," alisema, bado ameushika, "ni zamu yetu."

"Nta mnayo?" bibi akamuuliza.